Wametuharibia Dead Men Don't Wear Plaid kwa sauti ya msimuliaji mmoja, tena tunalipia!

Wakuu, nina hasira tangu juzi usiku.

Chaneli moja ya filamu kwenye king'amuzi ninacholipia kila mwezi ilitangaza wiki nzima kuwa Jumamosi saa tatu usiku wangerusha Dead Men Don't Wear Plaid, komedi ya mwaka 1982 aliyoiongoza Carl Reiner. Steve Martin ndiye steringi, anacheza kama Rigby Reardon, mpelelezi wa kukodiwa. Nikampigia mzee wangu aje mapema. Mzee ana miaka 81, ujana wake kaumalizia kwenye viti vya sinema ya Empire, Dar. Waigizaji wa enzi hizo anawajua kwa sura kama majirani zake.

Kwa ambaye hajaiona: filamu yote ni nyeusi na nyeupe, na ndani yake wameshonea vipande halisi vya filamu za upelelezi za zamani, nyingi za miaka ya 1940. Rigby akipiga simu kwa Marlowe, mpelelezi mwenzake, anayepokea ni Humphrey Bogart mwenyewe, nyota wa filamu hizo za zamani, mtu aliyefariki 1957! Rigby anauliza leo, Bogart alishajibu miaka thelathini na kitu nyuma, na majibu yanaingia sawasawa. Kicheko chote kipo kwenye huo mshono. Mavazi alibuni Edith Head ili yafanane na ya kwenye vipande vile, ikawa kazi yake ya mwisho, akafariki kabla filamu haijatoka. Muziki ni wa Miklós Rózsa, yuleyule aliyetunga muziki wa filamu ya Double Indemnity mwaka 1944, ambayo nayo imo humo vipande vipande. Watu walihangaika kiasi hicho.

Sasa hawa wa chaneli wakamkabidhi mwanaume mmoja aongee juu ya kila mtu. Rigby, yeye. Bogart, yeye. Ingrid Bergman, mwanamke kabisa, yeye! Sauti zenyewe wamezizima, na muziki wa Rózsa wameuzima pamoja nazo. Rigby anamsumbua Marlowe kuhusu kuvaa tai, msimuliaji anasema "afande, lete silaha". Silaha imetoka wapi? Ni wazi hakujua anachokitazama, na hakuna aliyemwambia.

Naomba nieleweke, sipingi tafsiri. Nimekulia banda umiza, nimeona filamu za mateke zikinoga kwa msimuliaji hodari kuliko zilivyo zenyewe. Lakini ile ya mateke hata ukibadilisha maneno, teke linabaki teke. Hii imejengwa kwa maneno ya watu waliokufa. Ukiyaondoa, unabaki na watu waliovaa kofia wanaangaliana. Wekeni maandishi ya Kiswahili chini, sauti ziacheni!

Halafu wamekata. Rigby anavaa kama bibi kizee, anajifanya mama wa mfungwa anayechezwa na James Cagney, kisha anakwenda gerezani kumwona. Wakakata pale anapojiandaa, kwa hiyo Cagney akawa anaongea na bibi ambaye hakuna aliyejua katokea wapi. Kilichoniuma zaidi ni kahawa. Rigby anampikia kahawa Burt Lancaster, na Lancaster amelala tu kitandani kama alivyolala kwenye filamu ya The Killers ya 1946, ambako kipande kile kimetoka, hana habari. Mzee alipoiona ile sura akakaa wima, akaniambia, "Lancaster huyo, mwanangu, subiri uone." Tangazo la magodoro. Likafuata la sabuni. Tuliporudi Rigby alikuwa kwingine kabisa na Lancaster hakuonekana tena.

Saa nne na nusu mzee akaniuliza, "Kwani hii ilikuwa inahusu nini?" Akaenda kulala kabla haijaisha.

Jumapili asubuhi nimepiga huduma kwa wateja, nikawekwa kwenye muziki dakika 20, binti akanijibu kuwa king'amuzi changu kiko sawa, nijaribu kukizima na kukiwasha. Dada yangu, king'amuzi hakina shida! Ninachotaka ni filamu irushwe upya, nzima, na sauti zake. Mwezi huu nisipojibiwa silipii tena kifurushi chao.

Na kama kuna mkuu mwenye DVD yake orijino, aniandikie inbox. Nitaifuata hata iwe Arusha. Mzee yuko kwangu mpaka Ijumaa.