Msanifu kasaini, mkandarasi kamwaga zege, nondo hakuna aliyeziangalia

Wakuu, nina hasira na uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nimejenga nyumba ya ghorofa moja. Sikujenga kienyeji. Nilimchukua msanifu majengo mwenye leseni, nikamchukua mkandarasi aliyesajiliwa, mikataba miwili ikaandikwa na kusainiwa, na sijamchelewesha mtu malipo hata siku moja. Ghorofani kuna roshani inayotokeza nje mita moja na nusu, chini haina nguzo. Wiki iliyopita mafundi walitoa mirunda na mbao. Kesho yake asubuhi nikakuta ufa juu ya roshani, pale pale inapoungana na nyumba, umekatiza kutoka ncha hadi ncha. Ukucha unaingia.

Nikamwita mkandarasi. Akaniambia ni ufa wa plasta tu. Roshani haijapigwa plasta! Nikampigia msanifu, akasema zege likikauka hunywea kidogo, nisiwe na wasiwasi. Aliyasema hayo kwenye simu, ufa wenyewe hajauona.

Nikarudisha mirunda chini, nikatafuta mhandisi wa pembeni asiyewajua hao wawili. Alifika, akapiga goti, akauangalia ufa kama dakika mbili, akaomba ruhusa ya kuchimba kidogo kwa patasi. Kwenye mchoro, jamvi la roshani, yaani sakafu yake ya zege, lina unene wa milimita 150 na nondo kuu zinatakiwa ziwe juu, zimefunikwa na zege la milimita 25 tu. Tukachimba 25, hakuna kitu. 50, hakuna. Tumekuja kuzikuta kwenye milimita 95.

Kwa ambao si watu wa ujenzi: roshani isiyo na nguzo hujikunja kuelekea chini, kwa hiyo sehemu yake ya juu ndiyo inayovutwa. Zege halina nguvu ya kuvutwa, lina nguvu ya kukandamizwa. Kazi ya kuvutwa ni ya nondo, na ndiyo maana zinawekwa juu. Zikizama mpaka chini ya katikati ya jamvi, zipo ndani lakini hazisaidii inavyotakiwa. Mhandisi alinipigia hesabu pale pale: kwa kina tulichozikuta, roshani yangu imebaki na chini ya nusu ya nguvu iliyochorwa. Nondo ni zile zile, idadi ile ile, saruji ile ile. Kilichobadilika ni mahali zilipolala.

Zilizamaje? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu ninalo kwenye video. Siku ya kumwaga zege nilikuwepo. Nilifurahi, nikarekodi ili niwaonyeshe nyumbani. Kwenye video mafundi wanapita na matoroli juu ya nondo za roshani, wanasimama juu yake, wanazikanyaga, na kila wanapokanyaga zinashuka. Vile vyuma vyenye miguu kama kigoda vinavyotakiwa kuzishikilia zisishuke havipo. Wala hakuna mbao za kupitishia toroli. Mimi nilidhani ndivyo kazi inavyokwenda. Nitajuaje? Ndiyo maana niliwalipa watu wanaojua!

Nimeitazama video hiyo yote, dakika 11, zaidi ya mara kumi. Ndani yake msanifu hayupo. Mkandarasi hayupo. Hata foremani hayupo, siku hiyo alikuwa kwenye saiti nyingine ya bosi wake. Kuna mafundi, vibarua, mashine ya kuchanganyia zege, na mimi na simu yangu.

Sasa sikieni majibu yao. Msanifu anasema mkataba wake ni wa kutembelea saiti na kuangalia, hausemi kusimamia, na mbinu za ujenzi ni za mkandarasi. Mkandarasi anasema msanifu alitembelea saiti akasaini hati ya malipo ya jamvi, maana yake aliikubali kazi, kwa hiyo yeye mkandarasi hadaiwi kitu. Kila mmoja anajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, na mimi nimebaki nje nashika mirunda.

Nimekesha na ile mikataba, na nikasoma mambo mengine kuhusu suala hili. Naweka hapa niliyoyapata kwa sababu najua siko peke yangu.

Ni kweli kwamba neno "kuangalia" liliwekwa kwa makusudi. Kuanzia miaka ya 1960 chama cha wasanifu cha Marekani, AIA, kiliacha kutumia neno la usimamizi kwenye mikataba yake ya mfano, kwa sababu wasanifu walikuwa wanashtakiwa kwa kila kosa la fundi na kila ajali ya saiti. Mikataba hiyo ikaja kusema kwamba msanifu atatembelea saiti kwa vipindi vinavyoendana na hatua ya ujenzi, na kwamba halazimiki kukaa saiti muda wote wala kukagua kila kitu. Wangu umeandikwa kwa mtindo huo huo. Sibishi. Sikumlipa akae juu ya tofali kutwa nzima.

Lakini soma hilo neno "hatua". Halikusema kila Alhamisi ya pili! Msanifu wangu alikuja Alhamisi moja, akaruka moja, akaja nyingine, kama mtu anayekwenda kliniki. Zege la roshani lilimwagwa Jumamosi. Alhamisi kabla ya hapo haikuwa zamu yake. Alipokuja iliyofuata, zege lina siku tano, limeshafunika kila kitu, akapiga picha tatu na kusifia uso wa jamvi ulivyonyooka. Akarudi ofisini akasaini hati.

Nyumba ina mambo ambayo ukiyakosa leo unaweza kuyaona kesho: rangi, milango, vigae. Na ina mambo yanayoonekana kwa saa chache tu katika maisha yake yote. Udongo wa chini ya msingi. Nondo kabla ya zege. Mabomba kabla ya sakafu. Karatasi ya kuzuia unyevu kabla ya kuta kuendelea. Msanifu anayekuja katikati ya hayo yote na kuyakuta yamefunikwa hajatembelea hatua yoyote ya ujenzi, ametembelea kifuniko.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1899 huko Uskoti mahakama iliamua kesi ya msanifu aliyekuwa akitembelea nyumba kwa wastani wa mara moja kwa wiki. Mjenzi akajaza vitu visivyofaa chini ya sakafu, akafunika kwa saruji kati ya ziara moja na nyingine. Msanifu akajitetea kwamba hawezi kuwepo kila saa. Mahakama ikamwona ana hatia ya uzembe, kwa sababu lile lilikuwa jambo kubwa na alitakiwa kuliona kabla halijafunikwa. 1899, wakuu! Na mimi leo naletewa utetezi ule ule uliokataliwa zamani hizo.

Nikaenda pia kwenye suala la saini. Hati ya malipo aliyosaini inasema wazi kwamba, kwa alivyoangalia saiti, kazi imefikia kiwango kilichotajwa na inalingana na michoro. Kwa alivyoangalia! Nondo za roshani aliziangalia lini? Fedha zangu zilitoka kwa nguvu ya sentensi hiyo. Uingereza jambo hili lilifika mahakama ya juu kabisa mwaka 1974, na ikaamuliwa kwamba msanifu anayeidhinisha malipo kwa uzembe anaweza kushtakiwa na mteja wake. Saini yake ndiyo iliyofungua mfuko wangu, hawezi kuniambia ni makaratasi tu.

Mkandarasi naye asidhani nimemsahau, kwa sababu kwangu yeye ndiye wa kwanza. Msanifu anatembelea. Mkandarasi anakaa. Mkataba wake unamtaka asimamie na kuongoza kazi, awe na foremani mwenye ujuzi saiti muda wote kazi inapoendelea, na akague kazi yake mwenyewe kabla ya kwenda hatua nyingine. Na unasema kwamba ziara ya msanifu, au ukaguzi, au malipo, haimwondolei wajibu wa kujenga kwa mujibu wa michoro. Kwa hiyo ule wimbo wa "msanifu alikubali" hauna pa kushika. Foremani mmoja kugawanywa saiti tatu ni uamuzi wake wa kubana matumizi. Hakuniuliza, na faida yake hakunigawia.

Na nimeomba kitabu cha saiti. Ukurasa wa siku ile una mstari mmoja: idadi ya mifuko ya saruji. Hakuna aliyeandika kwamba nondo zimekaguliwa, hakuna aliyempigia msanifu kumwambia Jumamosi tunamwaga, njoo uone Ijumaa. Simu moja tu. Msanifu naye hakuwahi kuandika popote kwamba zege lisimwagwe mpaka afike, wakati alikuwa na uwezo huo. Nimetafuta barua pepe zote, maelekezo ya namna hiyo hayapo. Yapo maelekezo marefu kuhusu rangi ya fremu za madirisha.

NYONGEZA 1: Kuna mkuu ameandika kwamba tatizo ni ubahili wa sisi wenye nyumba, tunalipia ziara chache halafu tunataka usimamizi wa kudumu. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ipo kweli. Zile njia za kupita watu zilizoning'inizwa juu ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani, zilizoanguka tarehe 17 Julai 1981 na kuua watu 114, wahandisi walieleza baadaye kwamba waliomba mara tatu mwenye mradi alipie mtu wa kukaa saiti wakati wa ujenzi, wakakataliwa. Chanzo cha anguko kilikuwa kiungo cha fito za kuning'inizia kilichobadilishwa na kupitishwa bila kupigiwa hesabu ipasavyo, na wahandisi wenyewe walifutiwa leseni. Lakini mkuu, mimi sikumnyima mtu. Hakuna aliyeniomba. Angeniambia "roshani hii ni hatari, siku ya nondo nitakuja kwa ada ya ziada," ningelipa siku hiyo hiyo. Na idadi ya ziara ilitosha. Angeziacha mbili za kuja kutazama tofali akaja moja ya kutazama nondo.

NYONGEZA 2: Kwa wanaouliza kama roshani inaokoleka. Mhandisi anasema kubomoa na kumwaga upya ndiko anakokuamini, kwa kuwa inatokeza hewani na watu watasimama juu yake. Njia ya kuongeza nguzo mbili chini ipo, ila inabadilisha namna jamvi linavyobeba mzigo, lazima ipigiwe hesabu upya, na nguzo zenyewe zinahitaji msingi. Asiwashauri mtu kuziba ufa kwa saruji. Mkandarasi wangu alishaanza kukoroga, nikamfukuza.

NYONGEZA 3: Jumatatu wanakuja wote wawili, nimewaandikia barua ya pamoja ili asitokee wa kusema hakuambiwa. Mhandisi atakuwepo, video itakuwepo, na yale matundu tuliyochimba sijayafunika. Kinachonitisha sasa ni kingine: ndani kuna mihimili sita na ngazi, vyote vilimwagwa katikati ya zile Alhamisi, na sina picha hata moja ya nondo zake. Kama kuna mtu hapa amewahi kutumia kile kifaa cha kusoma nondo zilipolala ndani ya zege bila kuchimba, naomba aniambie kinasoma kina gani na kama matokeo yake yanakubalika kwenye madai. Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu.