Sharti la kumiliki mitambo kwa makandarasi wa daraja la saba: libaki au liondolewe?

Mchangiaji aliyetangulia ameshauri kwamba Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania isilegeze hata kidogo sharti la kumiliki vifaa, kwa sababu likilegezwa, kampuni za mfukoni zitafurika na majengo yataanguka. Hofu yake naielewa, maana uzembe wa mkandarasi hugharimu maisha ya watu. Hata hivyo, nikiitazama bajeti ya kuanzisha kampuni ya majengo ya daraja la saba, ambalo ndilo la chini kabisa, naona kwamba sharti hilo linammalizia kijana fedha ileile ambayo ingelinda ubora wa kazi.

Wengi wakipiga hesabu za kuanza huishia kwenye makaratasi: usajili wa kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, ada za Bodi, pango la ofisi na mshahara wa mtaalamu wa ujenzi ambaye kampuni lazima iwe naye ili isajiliwe. Gharama hizo zinajulikana mapema, na mtu anaweza kujipanga. Kinachoua kampuni changa ni muda unaopita kati ya kazi kufanyika na malipo kuingia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia fundi sanifu mmoja kijana kuandaa hesabu zake. Ili atimize masharti, alinunua mashine ya kuchanganyia zege, vibreta (mashine ya kushindilia zege) na pikapu kuukuu, akabakiwa na shilingi 3,200,000 benki. Kisha akapata kazi ya nyumba ya watumishi kwa shilingi 90,000,000. Dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kumlipa mwenye kazi endapo mkandarasi atashindwa, ilikuwa asilimia 10, yaani shilingi 9,000,000, na benki haikuitoa mpaka shangazi yake alipokubali kuweka hati ya kiwanja chake. Hati ya kwanza ya malipo, yaani ile ya kuthibitisha kazi iliyokwisha kufanyika, ambayo kwa mujibu wa mkataba ilipaswa kulipwa ndani ya siku 28, ililipwa baada ya miezi mitatu, tena ikiwa imekatwa fedha za matazamio, ambazo mwenye kazi huzishikilia mpaka muda wa kurekebisha kasoro uishe. Vibarua hawawezi kusubiri hivyo. Wao hulipwa Jumamosi jioni. Kazi ilipofika kwenye lenta, fundi wake mkuu alimshauri waongeze ndoo mbili za mchanga kwa kila mfuko wa saruji ili saruji iwafikishe mbali. Alikataa, akasimamisha kazi siku 40, na mwishoni akakatwa fidia ya ucheleweshaji. Siku hizo zote mashine ilikuwa chini ya mwembe, imefunikwa turubai, wakati saruji ya kuchanganya haikuwepo.

Sisemi kila kijana angekataa kama yeye, na hapo ndipo hatari ya majengo kuanguka inapoanzia.

Ninachopendekeza ni kwamba sharti la mtaalamu libaki bila kuguswa, ila kwa daraja la saba umiliki wa mashine ubadilishwe kuwa mkataba wa kukodi uliosainiwa, pamoja na uthibitisho wa benki kwamba kampuni ina mtaji wa kuendeshea kazi kwa miezi mitatu. Najua udhaifu wa kukodi: siku ya kumwaga zege la slabu mashine ikichelewa, zege la asubuhi linashika kabla ya lile la mchana kuungana nalo, na kiungo hicho kinabaki kuwa mahali dhaifu. Kwa hiyo mkataba wa kukodi lazima utaje mashine ya akiba. Mfuko wa Bodi wa kuwasaidia makandarasi wadogo hutoa dhamana za zabuni na za malipo ya awali, na huo ni msaada mkubwa, lakini si kila mkataba una malipo ya awali.

Ningependa waliovuka daraja la saba watueleze: mlipomaliza kununua vifaa vya kusajiliwa, mlibakiwa na fedha ya kulipa vibarua kwa Jumamosi ngapi?