Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, gari la kumpakia liko wapi?

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Leo alfajiri nilimfuata mwanangu wa kidato cha pili hadi kituoni Gongo la Mboto, nikasimama kando ili konda asijue kuwa mzazi yupo. Magari manne yalipita, kila konda akiziba mlango kwa mkono na kusema "wanafunzi wawili tu". La tano lilijaza watu wazima likaondoka huku watoto wakilikimbilia. Mtoto aliyeamka saa kumi na nusu alifika shuleni saa mbili, akachapwa kwa kuchelewa.

Wengine hamtapenda nisemalo, lakini konda simlaumu sana. Tangu LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ipandishe nauli Desemba 2023, mtu mzima wa safari fupi hapa Dar es Salaam hulipa shilingi 600 na mwanafunzi amebaki kwenye 200, kwa hiyo inahitaji wanafunzi watatu kumpa konda fedha ya abiria mmoja, ilhali hesabu anayodaiwa na tajiri mwenye gari jioni haipungui na mafuta hayauzwi kwa bei ya mwanafunzi. Nafuu hii inatangazwa na Serikali lakini anayeitoa ni dereva na konda wake, tena kwa lazima, nao hasira zao wanazimalizia kwa mtoto. Matamko na faini havitabadili hesabu hiyo. Serikali ilipe pengo hilo, au iweke magari ya wanafunzi asubuhi na jioni.

Kijijini kwetu, wilayani Handeni, hata konda wa kugombana naye hayupo. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, jambo la heri kabisa, lakini binti wa dada yangu hutoka gizani kupita mashamba ya mahindi kuifuata shule ya kata, na masika korongo likijaa haendi. Bodaboda humpa lifti ya bure, na kila mama pale kijijini anajua lifti hiyo hudaiwa kwa namna gani. Wazazi tulichangishwa matofali ya bweni. Jengo limeishia kwenye lenta, nyasi zimeota ndani.

Waheshimiwa mnaopitisha bajeti, mafuta ya magari yenu yana fungu lake. Tuambieni fungu la kumfikisha mtoto shuleni ni lipi, na lina shilingi ngapi.