Stetasi zake nimezizima ila kichwani bado yupo

Mama Junior: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Baba Joshua lile somo la jana la Mithali 4:23, linda moyo wako kuliko yote, nina swali, huo moyo unalindwaje kama mtu ameshakukosea? Maana nasema nimesamehe alafu nikiinama kufua tu naanza kubishana nae kichwani mpaka nguo zinaisha

Happy: Amina. Jamani 🙏🏾

Baba Joshua: Amina mama. Pole, imekuwaje?

Mama Junior: Kuna mtu alikopa kwenye kikoba mi nikamdhamini, marejesho hakuleta nikakatwa mimi kwenye hisa zangu, hela ya ada ya Junior ile. Nikanyamaza. Sa jana natoka jumuiyani nafungua simu naona stetasi kaposti yuko harusini na kitenge kipya, yani usingizi ulikata hapo hapo saa nane usiku niko macho

Bibi Nuru: Usimtaje jina mwanangu, humu tupo wengi

Mama Junior: Simtaji bibi. Shikamoo

Bibi Nuru: Marahaba

Happy: Mi ningezizima tu hizo stetasi

Mama Junior: Nimezizima tangu asubuhi ila kichwani nazizimaje

Baba Joshua: Mama Junior ngoja nikwambie, watu tunapenda Wafilipi 4:8, mambo yoyote ya kweli yoyote ya staha yoyote safi yatafakarini hayo, tunabandika hadi ukutani, ila rudi nyuma mstari wa 2 uone. Paulo anawasihi kinamama wawili Euodia na Sintike wawe na nia moja, na sio watu wa nje hao, walishindania Injili pamoja nae, na anamuomba mwenzao awasaidie. Baada ya hapo ndo inakuja msijisumbue kwa neno lolote, ndo inakuja amani ya Mungu itawahifadhi mioyo yenu. Na anaandika akiwa kifungoni, angetaka kukesha na machungu sababu anazo. Kwaiyo kutafakari yaliyo safi na kupatana na mwenzio vinaenda pamoja huwezi ruka kimoja

Happy: Hao kinamama mbona sijawahi kuhubiriwa 😳 ila Baba Joshua ukipatana na mtu si ni lazima hela irudi kwanza?

Baba Joshua: Hela ina utaratibu wake, kusamehe hakumzuii kuidai kwenye kikao cha kikoba, adai tu ni haki yake. Mi naongelea ile kesi ya saa nane usiku, hakimu yeye shahidi yeye na mshtakiwa hayupo

Bibi Nuru: Na mstari wenyewe unaanza na mambo ya KWELI. Hicho kitenge unajua kanunua yeye? Sare ya harusi mtu anaweza kukatiwa na ndugu zake. Unawaza usiku kucha kitu ambacho nusu yake hukijui

Mama Junior: Kweli bibi kitenge sijui kilikotoka. Ila ada naijua

Bibi Nuru: Ada ni kweli, hiyo kaongee nae. Mimi jina la mtu likinijia usiku nalitaja kwa Mungu kwa sauti, na namuombea watoto wake kwanza, ukimuombea mtoto wa mtu apone homa afaulu mtihani inakuwa ngumu kuendelea kumtukana mama yake moyoni. Namalizia na Zaburi 19:14, maneno ya kinywa changu na mawazo ya moyo wangu yapate kibali mbele zako. Kuna siku nasema mara nyingi mpaka nalala

Mama Junior: Watoto anao bibi

Bibi Nuru: Anza na hao leo

Mama Junior: Basi kesho tuongozane mnisindikize bibi na Baba Joshua

Baba Joshua: Hapana mama, Mathayo 18:15 wewe na yeye peke yenu kwanza. Tukitokea watatu mlangoni kwake ataona amevamiwa. Asipokusikia ndo unachukua mmoja au wawili

Bibi Nuru: Na usiende na daftari la kikoba mkononi. Simu pia usipige, muonane uso kwa uso

Happy: Jamani na sisi wengine tusianze kukisia, kuna mtu kashanifuata inboksi ananiuliza ni nani

Baba Joshua: Aliyeuliza afute tafadhali. Na tusihesabu nani kaenda harusi gani

Mama Junior: Asante sana wapendwa. Kesho Junior akitoka tuisheni naenda, mniombee saa 12 jioni

Happy: Naweka alamu saivi