Watafiti wa nje mnaokuja Kigoma: data mnabeba, barua ya ukurasa mmoja inawashinda?

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mwenye haraka apite. Mods naomba msiuunganishe na zile nyuzi za "skolashipu za bure Ulaya", hapa sitafuti wa kunidanganya.

Mimi ni mtu wa Kigoma mjini, nina digrii ya sosholojia ya hapahapa nchini, daraja la pili la juu. Kazi yangu, kama hii nayo ni kazi, ni kuwashika mkono watafiti wanaotoka vyuo vya Ulaya na Marekani kuja kutafiti maisha ya wakimbizi. Na kilio changu ni kimoja: nimesaidia watu kupata masta na PhD za sosholojia huko nje, ila mimi mwenyewe nikiomba nafasi ya kusoma kitu hichohicho, kwenye vyuo vyao hivyohivyo, nageuka mtu asiyejulikana na yeyote.

Mlioko Dar huenda hii biashara hamuijui. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita. Warundi wakamiminika 2015, Nduta ikafunguliwa upya, mwaka uliofuata ikafuata Mtendeli. Tangu hapo mkoa wetu umekuwa shamba la tasnifu. Vyuo vyao vikifunga Juni, gesti za Kasulu na Kibondo zinajaa watu wenye mabegi ya mgongoni na rekoda. Wanakuja na kibali cha utafiti cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, wanakuja na kibali cha Mambo ya Ndani cha kuingia kambini, wanakuja na fomu za ridhaa zilizopitishwa na kamati ya maadili ya chuo. Kinachokosekana ni Kirundi, Kiha, Kiswahili cha watu, na akili ya kujua nani anaulizwa nini na saa ngapi. Hapo ndipo natafutwa mimi.

Nitoe mfano mmoja mjue nazungumzia nini. Nilifanya kazi na dada mmoja wa chuo kikubwa huko Ulaya. Chuo sikitaji, na yeye simtaji, akisoma atajijua. Dodoso lake lilikuwa na swali: unafanya biashara gani? Kila mama tuliyemkuta anajibu sifanyi. Ulitegemea nini? Soko la pamoja la wakimbizi na wanakijiji limeshafungwa, kuuza kitu kambini kumekuwa jambo la kujificha, halafu anatokea mgeni na rekoda anakuuliza unauza nini! Dada akaanza kuandika kwenye daftari lake kwamba uchumi wa kambi umekufa. Nikamwambia, dada, hilo swali lifute. Waulize chumvi ikiisha kabla ya siku ya mgao wanakopa kwa nani.

Tukaanza upya. Mambo yakafunguka. Nani anamkopesha nani unga, nani analipa deni kwa kuni, nani anaweka kadi ya mgao rehani, mjane gani kashika nusu ya zoni kwa madeni ya sabuni. Usiku nikawa nasikiliza zile rekodi na kuziandika neno kwa neno, Kirundi kwenda Kiingereza, umeme ukikatika naendelea na taa ya sola.

Sasa, ule mtandao wa madeni ndio sura nzima ya tasnifu yake. Ndio makala aliyoitoa kwenye jarida. Makala hiyo ukitaka kuisoma unadaiwa zaidi ya dola 30, mimi niliipata kwa sababu kuna jamaa yangu yuko chuo nje akanitumia. Nikakimbilia ukurasa wa shukrani. Nimo! Jina la kwanza tu, katikati ya dereva na mama mwenye gesti. Wakuu, mkimbizi kufichwa jina naelewa, ana usalama wake wa kulinda. Mimi nimefichwa jina nisidhuriwe na nani?

Lakini hata hilo ningelimeza. Kilichonifanya nifungue huu uzi ni barua.

Kwa wasiojua utaratibu: masta ya sosholojia kwenye vyuo vingi vya nje hawaangalii cheti peke yake. Wanataka transkripti, maelezo binafsi kwamba kwa nini unataka kusoma hicho kitu, wengine wanataka sampuli ya maandishi yako ya kitaaluma, na juu yake barua za watu wawili wanaoujua uwezo wako. Ukiomba PhD unaongeza na andiko la utafiti. Vyote hivyo naweza kukaa hapa mtaani kwetu Mwanga nikaviandika mwenyewe. Barua siwezi kujiandikia.

Dada aliniahidi kwa kinywa chake, tukiwa tunakula pale Makere, kwamba siku nikiomba masta yeye ndiye wa kwanza kuniandikia. Dirisha la maombi lilipofunguliwa nikamtafuta. Akajibu kwa furaha, alama za mshangao kibao. Mfumo wa chuo ukamtumia kiungo cha kupandisha barua. Kimya. Nikamkumbusha kwa adabu. Akasema anamalizia kitabu, wiki ijayo bila shaka. Kitabu! Hicho kitabu kinatokana na nini? Dirisha likafungwa. Nilipomwandikia tena msimu uliofuata nikajibiwa na mashine: yuko likizo ya utafiti, barua pepe zitasomwa akirudi. Baadaye nikasikia yuko Uganda, kambi nyingine. Namhurumia mwenzangu wa huko.

Na msidhani nawasakama wazungu tu. Wahadhiri wetu wa hapa nyumbani nao wamo. Mmoja aliniambia niandike mwenyewe, yeye atasaini. Haya, nikaandika, nikajisifia mpaka nikaona haya. Lakini mfumo wa kule hautaki karatasi iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Unamtumia mhadhiri kiungo kwenye barua pepe ya chuo chake, apandishe kwa mkono wake. Barua pepe ya chuo mzee alishasahau paswedi, anatumia Gmail, na Gmail kule wanaiona kama ya tapeli. Nikapiga simu mpaka akaacha kupokea. Hivi mtu anaitwa mhadhiri mwandamizi na kuingia kwenye barua pepe ya ofisi yake ni mtihani?

Halafu kuna suala la uzoefu wa kazi. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza ambao ndio kila mtu anakuelekeza, wanataka uwe na angalau saa 2,800 za kazi. Saa ninazo, tena za jua kali. Ila watafiti hawa wengi wanakulipa posho kwa simu, mkataba hakuna, barua ya kuonyesha ulifanya kazi tangu lini mpaka lini hakuna. Chuo cha mtafiti kina fomu ya kumlinda mhojiwa, ina kipengele cha kufuta rekodi, ina namba ya kupiga ukiona umedhulumiwa. Msaidizi wa utafiti hana hata mstari mmoja humo.

Pesa sitaki kuizungumzia sana, inajulikana. Masta ya mwaka mmoja Uingereza, ada ya mwanafunzi wa kutoka nje kwenye vyuo vingi ni pauni 20,000 kwenda juu. Kwenye viza wanataka waone pesa ya kujikimu, zaidi ya pauni 1,100 kwa mwezi ukiwa nje ya London, mara miezi 9, na zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kuguswa. Na pauni 776 kwa mwaka za matibabu unalipa kabla hujapiga hata chafya. Wale wa "nenda Ujerumani hakuna ada" mko sahihi nusu: vyuo vingi vya umma havina ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Lakini viza inataka akaunti ya zuio, yaani pesa unaifungia benki kabla ya kwenda na unaipata kidogokidogo kila mwezi, yenye euro 11,904. Hizo ni zaidi ya milioni 30 za madafu. Nani Kigoma ana milioni 30 zimekaa tu zinamsubiri mwanawe akasome sosholojia?

Sina ugomvi na nchi ya watu kuweka masharti ya kuingia kwao. Ndiyo maana narudi kwenye barua: sisi wa huku njia yetu ni ufadhili tu, na ufadhili haupatikani bila mtu wa kusema "huyu namjua". Hilo ndilo pekee watafiti hawa wanaloweza kutupa bila kutoa hata senti, na ndilo wanalotunyima.

Kiingereza nacho ni kichekesho. Nimefundishwa sosholojia yote kwa Kiingereza, mitihani kwa Kiingereza, na hao waasisi wa sosholojia, Durkheim na Weber, nimewasoma kwa Kiingereza wakati mmoja aliandika Kifaransa na mwingine Kijerumani. Lakini kwenye orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi cheti cha Kiingereza sisi hatumo. Jamaica imo, Guyana imo. Basi ukafanye IELTS, mtihani wao wa Kiingereza, na IELTS haipo Kigoma, unapanda mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, unalala kwa shemeji, unarudi. Matokeo yanadumu miaka miwili tu. Yangu yamekufa muda wake nikiwa namsubiri dada amalize kitabu.

Kuna kitu watu wa Kigoma tunakijua na hatukisemi kwa sauti. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe Julai 1960 akiwa na miaka 26, hana digrii hata moja. Louis Leakey, mtafiti maarufu wa mabaki ya binadamu wa kale, ndiye aliyemtafutia pesa na kumpigania Cambridge, wakampokea moja kwa moja kwenye PhD bila digrii ya kwanza. Simdharau yule mama, kazi aliifanya kweli, na alipofariki Oktoba 2025 hata huku tulisikitika. Ila 1975 waasi wa kutoka Zaire walipovuka ziwa wakateka watu wanne pale Gombe, wageni waliondoka, na wasaidizi wa Kitanzania ndio waliobaki wakiwafuata sokwe na kujaza madaftari. Leakey wa wazee wale alikuwa nani?

Mawakala wa vyuo vya nje ndio usiseme. Ukiwaambia sosholojia wanakutazama kama umeomba kusomea upepo. Wao wana biashara, uuguzi na kompyuta, vyuo vinavyowapa kamisheni. Wajomba nao wananiuliza ukimaliza utakuwa nani. Hao nimeshawazoea.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza kunishambulia, nijibu wawili watatu.

Mkuu uliyesema "nililipwa posho, yameisha": posho ilikuwa ya kutafsiri na kuandika rekodi. Swali la chumvi halikuwemo kwenye posho. Kwao mtu akitoa wazo linalobeba sura nzima jina lake linakaa kwenye makala kama mwandishi. Sijaomba hata hilo, nimeomba barua.

Wewe wa "soma hapahapa, uzalendo kwanza": digrii ya kwanza nimesoma wapi? Masta ya hapa naweza kusoma, na pengine nitaisoma. Lakini maarifa kuhusu huu mkoa yako huko. Oxford wana kituo cha masomo ya wakimbizi tangu 1982. Miaka ya 1980 mtafiti alikuja akawalinganisha Warundi wa kambi ya Mishamo na wale waliojichanganya na sisi hapa Kigoma mjini, kitabu kikatoka 1995, na mpaka leo wanafunzi wa fani hii duniani wanakisoma. Walioulizwa maswali ni majirani wa wazazi wetu. Nimezunguka mji huu mzima sijaona nakala moja. Kwa nini nisitake kwenda kukaa pale ambapo habari zetu zinaandikwa?

Dada uliyeandika kwamba wewe ni mtafiti, uko Ulaya, na wenzako si wote wako hivyo: nakubali, na niliwahi kufanya kazi na Mholanzi mmoja mzee aliyenitumia barua kabla sijamkumbusha. Kwa bahati mbaya alistaafu, na mfumo ukaikataa anwani yake kwa sababu si mfanyakazi wa chuo tena. Kama mko wengi wa namna hiyo, mwambieni kila mwanafunzi wenu anayekuja huku aandike mkataba wenye tarehe na saa, na barua aiandike kabisa kabla hajapanda ndege, kiungo kikija abaki kuipandisha tu. Asiseme ataandika akifika.

Jana kuna mtu kaniandikia, anataka msaidizi Kibondo, "mwenye uzoefu na moyo wa kujitolea". Nimemtumia masharti: mkataba, jina kamili kwenye shukrani, jina kwenye makala kama nitachangia mawazo, na barua kwanza ndipo rekodi. Amesema atashauriana na msimamizi wake. Wasaidizi mlioko Kasulu na Kakonko, akija kwenu akisema mimi nimekataa kazi, mjue ni huyo, na msishushe masharti.

Mwenye kujua chuo ambacho hakidai IELTS kwa aliyesoma digrii kwa Kiingereza, na kinachopokea barua kutoka kwa mtu asiye na anwani ya chuo, aweke hapa jina na mwezi wa mwisho wa maombi. PM za "tuma elfu hamsini nikuunganishe" nitaziweka hadharani na namba zake.