Eti dhahabu inanywea kama mchicha! Sonara wa mjini hapa Dodoma kaniulia bangili za bibi

BintiKondoa
Wakuu, msinisahihishe herufi, naandika nikiwa ndani ya bajaji na mikono inatetemeka. Nimetoka kwa yule sonara sasa hivi. Yule yule. Jina simtaji, kila aliyewahi kuvishwa pete mji huu anamjua: miwani kipajini, redio ya mpira, na kile kigoda anachokukalisha umtazame kwa chini kama umekuja kuombewa.

"Mwanangu, dhahabu ikiona moto inanywea. Kama mchicha."

MCHICHA! Mtu mzima, mvi zimejaa, kaniangalia machoni akatamka mchicha.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na bangili mbili za karati 22. Babu aliuza ng'ombe kuzinunua. Moja ilikuwa na vishimo viwili ukingoni, meno ya mama yangu alipokuwa anaota meno. Bibi alikuwa anakishika kidole chako anakipitisha pale: "Huyu ndiye mama yako, mlafi tangu hajatembea." Zikarithiwa, zikanifikia mimi, haziniingii mkononi. Miaka sita zimelala kwenye kopo la maziwa. Nikasema bora zivaliwe. Nikachora mwenyewe kidani cha kisasa: kishada cha zabibu, hapa ni Dodoma jamani, na jani moja. Kile kipande chenye meno nikamwambia mara tatu usikiyeyushe, kikate hivyo hivyo kiwe kikonyo cha kishada. Akasema "nimekuelewa mwanangu" huku anasikiliza kona inapigwa.

Nimepeleka gramu 24. Nimerudishiwa gramu 15. Ufundi laki mbili na nusu. Na kishada chenyewe ni bamia. Siwatanii. Bamia iliyokomaa, ile ya kuachia mbegu. Dereva wa bajaji nimemuonyesha akauliza "hii ni ndizi mshale?"

Nikamuuliza, mzee, gramu tisa ziko wapi? Akashusha miwani. Akazima redio, na redio ile haizimwi hata akija mkuu wa wilaya. Akasema mchicha.

Sendoff ya mdogo wangu Jumamosi. Mama anakuja na hajui kitu. Nimwambie nini, bibi kapikwa na nazi?

mzee_wa_nkuhungu
Uzi bila picha ni umbea. Leta bamia tuione.

Kiti_cha_Mbele
Naweka kambi hapa. Nani ana karanga?

SautiYaBahi
Pole dada. Ila gramu 24 ulizipimia wapi?

BintiKondoa
Nyumbani. Mizani yangu ya keki.

SautiYaBahi
Hahahaaaa. Mizani ya keki! Basi na yeye kakuhesabia kwa vijiko.

BintiKondoa
Mizani ya keki inasoma mpaka nusu gramu, we endelea kucheka. Na hiyo 15 nimepimiwa kwenye mizani yake MWENYEWE.

mpita_njia
Waite Wakala wa Vipimo wakakague mizani yake.

mzee_wa_nkuhungu
Wataanza na ya keki.

TupaNaMkaa
Nimefanya usonara miaka kumi na minane kabla macho hayajagoma, acheni utani kidogo. Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi joto 1,064. Ili ichemke mpaka itoke mvuke, upite 2,800. Mzee wa watu ana kimtungi cha gesi na mkaa, hizo 2,800 anazitolea wapi? Kinachopungua kweli ni chenga za tupa na vumbi la kung'arishia, na hivyo navyo havipotei. Mwenye akili anatandika ngozi mapajani anadaka kila chenga, na takataka za kufagia chumba chake hazitupi, anazikusanya mwaka mzima halafu anaziyeyusha. Gramu 9 ndani ya 24 si chenga. Hiyo ni pete na hereni zake.

Angalia mhuri kwa nyuma. Karati 22 ni 916, yaani dhahabu safi sehemu 916 kati ya 1,000. Kimeandikwa ngapi?

BintiKondoa
750.

TupaNaMkaa
Karati 18. Basi mchicha wake unamshitaki mwenyewe. Gramu 24 za karati 22, ukizichanganya na shaba na fedha mpaka zishuke kuwa karati 18, unapata gramu 29 na ushee. Haziwezi kupungua dada, zinaumuka kama andazi. Wewe umerudishiwa nusu tu ya ulichopeleka.

BintiKondoa
Naomba maji.

Kiti_cha_Mbele
Bamia, mchicha, andazi. Wengine tumefunga humu, mtuhurumie.

mgogo_halisi
Huyo sonara ni wa kuja. Wa hapa angesema mlenda.

mzee_wa_nkuhungu
Mlenda haunywei, unavutika. Angerudishiwa cheni ya mita mbili.

JiweLaMpwapwa
Mleta uzi, kaweka na mawe? Maana huyo mzee hawezi kutoa kitu bila jiwe.

BintiKondoa
Matatu, mekundu. Eti rubi za Winza. Akaniongezea elfu themanini.

JiweLaMpwapwa
Nilijua tu! Tangu watu wakimbilie Winza 2008, kila kioo chekundu kinachouzwa Dodoma kimezaliwa Winza. Winza ipo, ni kwetu Mpwapwa, na rubi yake ni ya kweli na ina sifa mpaka Ulaya. Ndiyo maana matapeli wanaipenda. Una tupa ya kucha ya chuma? Gusa pembeni, taratibu. Rubi ni 9 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs na almasi ndiyo 10, chuma hakiwezi kuichora. Ikichoreka, hiyo ni taa ya nyuma ya bajaji.

BintiKondoa
Imechoreka.

BintiKondoa
Yote matatu. Na dereva kakasirika, kadhani taa za bajaji nazisema zake.

SautiYaBahi
Sasa dada na wewe. Unampelekea mzee wa miaka sabini zabibu ulizochora kwa peni nyuma ya risiti, ulitegemea nini? Na yeye risiti alikupa?

BintiKondoa
Hapana. Ile niliyochorea ilikuwa ya unga.

SautiYaBahi
Basi unga ndio wenye ushahidi hapa.

Mama_Keki_Mwenzio
Mnamcheka tu. Sisi wote tungeenda kwa huyo mzee. Alivyozima redio hata mimi ningeamini.

BintiKondoa
ASANTE. Hamkuwepo pale. Ile sauti ya "kama mchicha". Taratibu, kama daktari anayekwambia habari mbaya. Nikaitikia "sawa mzee" na PESA NIKATOA. Hapo ndipo roho inaponiuma. Mtu kaniambia mchicha nami nikasema sawa mzee, na nikamwachia mia tano ya chenji.

mzee_wa_nkuhungu
Ulimwachia chenji?? Mods fungeni uzi, kesi imekwisha, mshitakiwa ni mleta mada.

BintiKondoa
Nyie mnahesabu gramu na mawe. Yale meno ya mama je? Mbona hakuna hata mmoja aliyeuliza?

Kiti_cha_Mbele
Mtoto anang'ata dhahabu mpaka inabonyea, mama yako alikuwa mamba?

TupaNaMkaa
Bangili nyembamba ya karati 22 ni laini, inabonyea hata ikidondoka sakafuni. Kwa hilo mama hana kosa.

GauniLaMwisho
Afadhali wewe umerudishiwa kitu unaweza kuvaa shingoni. Mimi nilimpelekea fundi cherehani doti mbili za kanga za marehemu mama anitolee gauni. Gauni likaja linabana mpaka sipumui. Wiki mbili baadaye naingia kwake kuchukua sare ya mtoto, nakuta foronya za mto wa kiti chake. Zina maandishi ya kanga za mama!

Mama_Keki_Mwenzio
Weeee! Zimeandikwaje?

GauniLaMwisho
"Hasidi hana sababu." Kazikalia.

mpita_njia
Mimi aliyeniliza ni seremala. Kitanda cha mninga cha babu, kizito mpaka mnabeba wanne. Nilitaka akipunguze, kiwe cha kisasa, chenye droo. Kimerudi nakibeba peke yangu. Namuuliza, ananiambia mbao ikikaa sana inakauka, inakuwa nyepesi.

mgogo_halisi
Huyo na sonara walisoma darasa moja.

kiwanja_changu
Mnalia gramu na mbao. Kiwanja changu kimenywea futi sita tangu jirani ajenge ukuta. Mpimaji kaja mara mbili, kila akija kinazidi kunywea, na kila akija anakunywa soda yangu.

mzee_wa_nkuhungu
Kilionja moto hicho.

JiweLaMpwapwa
@mpita_njia mninga ukiupiga kucha hauachi alama na ukiukata unanukia. Hicho ni paini kimepakwa rangi, usilalie upande mmoja.

mpita_njia
Nimeshalalia. Chaga mbili zimekatika Jumapili, mke kahamia kwa watoto.

SautiYaBahi
Kwani kitanda cha mninga tano kwa sita siku hizi shilingi ngapi hapa mjini? Nina harusi mwezi ujao.

kiwanja_changu
Nenda Chang'ombe asubuhi, wakiwa hawajaanza kunywa chai. Na upime mwenyewe.

SautiYaBahi
Kwa mizani ipi?