Dar mpaka Kigali kwa ndege ni dakika 55 kweli??

Mgeni_wa_Njia
Wakuu habarini. Nimekatiwa tiketi ya Kigali ya kikazi, naiangalia hapa naona mauzauza. Kwenda inatoka Dar 0810 inafika 0905, yani dakika 55 tu. Kurudi inatoka Kigali 1800 inafika Dar 2050, karibu masaa matatu! Mwaka jana nilienda Mwanza tukatumia kama saa na nusu na Mwanza si ni karibu kuliko Kigali jamani, sasa hii ndege ya kwenda inakimbizwa na nani? Au kurudi inapitia sehemu kushusha watu? Kuna mtu anakuja kunipokea sitaki nimpotoshe.

babu_ramani
Hakuna kinachokimbizwa mkuu, ni masaa tu. Kigali wako nyuma yetu saa moja, na tiketi inaandika saa za kila mji kivyake. Ukitua 0905 ya kwao, Dar ni 1005, kwahiyo ni saa 1 na dakika 55. Kurudi toa hiyo saa moja unabaki na 1:50. Safari ni ileile.
Kwa mstari ulionyooka Dar–Mwanza ni kama km 850, Kigali ni kama 1,140. Na Mwanza iko mbali kweli magharibi ila inatumia saa ya Dar kwa vile ni nchi moja, ndo maana kule jua linachelewa kuzama ukilinganisha na huku.

Kichwa Ngumu
Na huo muda wa tiketi sio wa angani tu, unaanza kuhesabiwa ndege ikianza kusogea pale ilipopaki mpaka ikisimama kule. Kama ni ya mapangaboi nayo ongeza kidogo, jeti inawahi.

mama_Rusumo
Dakika 55 unalalamika 😂 mimi napanda basi, Kahama, Nyakanazi, Ngara mpaka Rusumo, siku inaisha na usiku wake juu, miguu imevimba kama mandazi. Afadhali siku hizi mpakani mnagonga mihuri yote sehemu moja. Ila usibebe vitu kwenye mifuko ya plastiki, kule ni marufuku tangu 2008, watakunyang'anya mapemaa.

Kichwa Ngumu
Mimi yalinikuta wakati wa kurudi. Nimetua Dar usiku nikalala, simu imebaki na saa ya Kigali na wala sijashtuka, asubuhi nimeamka natakiwa kuwahi basi la Moro la saa 3, nakunywa chai taratiibu simu inasema saa 2 kasoro. Nafika stendi Mbezi simu inasoma saa 3 kasoro dakika kumi, najiona nimewahi, kumbe basi liko Chalinze huko. Nauli ikaenda hivyohivyo.

Mgeni_wa_Njia
Daah asanteni, nimeelewa. Kwahiyo mwenyeji nimwambie saa ngapi?

babu_ramani
Mwambie saa 3 na nusu asubuhi ya kwao, hapo umeshatoka uhamiaji na begi umechukua. Na usiogope kumtajia kwa Kiswahili, Wanyarwanda nao wanahesabu kama sisi, saa mbili ya asubuhi wanaiita saa mbiri.

Mgeni_wa_Njia
Nimemtumia. Kanijibu "saa tatu na nusu yako au yangu?" 😂😂